Mshale wa Baba wa Nywele

Siku hizi mtu anaongea na dada yake aliye Milano huku anavuka barabara, simu mkono huu, mkate mkono ule, kichwa hakijaona kitana. Nikimwona nanuna. Zamani, katika chumba changu cha intaneti hapa Jauja, milimani Peru, hakuna aliyekaa mbele ya kamera bila kuoga. Jumapili baada ya misa familia ziliingia zimevaa nguo za sikukuu, kofia zimepigwa brashi, na nyuma yao bibi amebeba sahani ya viazi vyenye mchuzi wa jibini na pilipili, ili aliye ng'ambo aone kwamba nyumbani bado kunaliwa. Niliwakataza wasiweke sahani juu ya kibodi. Hawakunisikia hata siku moja, na leo ninautamani mchuzi ule uliokuwa ukikaukia kwenye herufi.

Kabla ya hapo chumba kilikuwa chuo changu cha kupiga chapa. Ofisi zilipoacha mashine za chapa niliziuza kama chuma chakavu, nikanunua kompyuta kuukuu kutoka Lima, na seremala akanitengea vijumba kwa mbao nyembamba. Watu waliendelea kuniita mwalimu, nami niliendelea kuwa mwalimu, kwa sababu watu wa kwetu hawakuiogopa mashine, waliyaogopa maneno yake. Nywila. Folda. Kivinjari. Kupakua. Mwanamume aliyezoea kumwangusha fahali kwa kamba alitokwa jasho nikimwambia abofye mara mbili. Nywila walininong'oneza mimi ili niwakumbushe wakisahau, basi nikawa ninatunza siri za mtaa mzima, na siri zenyewe hazikuwa siri, maana nusu yao walitumia jina la mtakatifu wa kanisa lao. Barua pepe wakishaituma hawakuondoka. Walikaa wakiitazama skrini, na nilipowaambia waende zao walisema si adabu kumpa mtu mgongo wakati huenda anajibu.

Mimi sina subira, na sijawahi kudai ninayo. Nilikuwa na rula ya mbao tangu enzi za chuo, na mtu akigonga kibodi kama anatwanga mahindi niliipiga rula ukutani. Lakini nilifundisha. Nilimshika mzee mkono wenye sugu, nikauweka juu ya kipanya, tukakisukuma pamoja mezani, na ule mshale mdogo ukienda kwenye skrini mzee alicheka peke yake. Kicheko kile sikisikii tena popote. Sasa watoto wanazaliwa wanajua.

Mama Fausta Orihuela aliuza jibini sokoni, na nilimjua kwa jibini yake kabla sijamjua kwa ukaidi wake. Aliingia kwangu siku moja ya Februari, viatu vimejaa tope, amemshika mkono mjukuu wake Yonel, mtoto wa miaka mitano. Nywele za Yonel zilimfika kiunoni. Hazikuwa zimeguswa na mkasi wala kitana tangu azaliwe, zikawa zimejisokota zenyewe mpaka hutenganishi hii na ile.

Kwetu nywele za kwanza za mtoto zina mwenyewe. Wazazi humchagua mtu, akaitwa baba wa nywele. Siku ikifika watu hula na kunywa, nywele hufungwa tepe shungi kwa shungi, na baba wa nywele hukata shungi la kwanza. Baada yake kila mgeni hukata lake. Tangu hapo mtoto ana baba wa pili wa kumwonya na kumshika mkono maisha yake yote. Kabla ya mkono ule wa kwanza, hakuna mkono mwingine unaokata.

Elmer, mwana wa Mama Fausta, alikuwa amemchagua rafiki yake Teodosio Huaynate, aliyechunga naye tangu wakiwa wadogo. Kisha Teodosio akaenda Wyoming, Marekani, kuchunga kondoo wa tajiri mmoja, kama wanavyokwenda vijana wengi wa bonde letu, akaahidi kurudi kwa sherehe. Hakuwa amerudi siku basi la abiria lilipoporomoka bondeni, Elmer na mkewe wakiwa ndani. Hakuweza kuwaacha kondoo aje kuzika. Mkataba wake ulipokwisha alichukua mwingine, kwa sababu mama yake alikuwa akitibiwa kwa mshahara ule, na miaka ikaenda, na nywele za Yonel nazo zikaenda.

Sasa shule ilikuwa inafunguliwa mwezi Machi. Mwalimu mkuu alikuwa amesema mtoto wa kiume haingii darasani na nywele zile, iwe mila isiwe mila. Watoto wa mtaani walikuwa wamempa Yonel jina la Bi Harusi, naye akaacha kutoka nje. Alishinda chini ya meza ya jibini, kofia ameivuta mpaka puani. Soko zima lilimwambia Mama Fausta atafute baba mwingine. Mwoka mikate alijitolea, na mwenye bucha alijitolea pamoja na kondoo wa kuchinja. Aliwakataa wote.

“Elmer alimpa Teodosio neno lake,” aliniambia. “Nikimpa mtu mwingine, nani ataenda kumwomba Elmer ruhusa? Utaenda wewe?”

Nikamwambia mimi bado nina kazi hapa duniani. Hakucheka. Alikuwa amesikia kwamba mashine zangu huwaleta watu walio mbali, akataka kujua zinawaleta kiasi gani. Zinawaleta kuonekana tu, au zinawaleta kweli?

Kumpata Teodosio hakukuwa kugumu. Baadhi ya Jumapili alikuwa akishuka kutoka malishoni mpaka nyumbani kwa tajiri wake, na mke wa tajiri alikuwa na kompyuta jikoni. Nilimwandikia, akanijibu kwamba Jumapili ifuatayo atakuwepo. Mama Fausta alifika mapema, amevaa sketi yake ya bluu na kofia mpya, wanawake watatu wa sokoni wakimsindikiza. Yonel alikuja na kofia yake puani.

Uso wa Teodosio ulipotokea katika dirisha la mazungumzo, wanawake walipiga ishara ya msalaba. Mama Fausta hakupiga. Alinigeukia mimi.

“Mwalimu, mimi Elmer ninaye ukutani, ndani ya fremu. Ananitazama kila siku na hayupo. Huyu naye ni hivyo hivyo?”

Swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza, na nililipenda. Nikamweleza kwamba kuna kilichohifadhiwa na kuna kinachotokea. Picha ni faili. Inakaa ndani ya folda, ukiifungua kesho utaikuta inacheka vile vile. Kinacholetwa na kamera hakijawekwa mahali popote, kinapita tu, na kikishapita kimepita. Akauliza atajuaje kwamba simdanganyi. Nikamwambia ampe Teodosio jambo la kufanya ambalo hakuna awezaye kulijua kabla.

Basi Mama Fausta akaisogelea kamera akamwamuru avue kofia, aivae kinyume, kisha atoe ulimi. Tukasubiri. Siku zile picha ilikuwa ikichelewa. Neno liliondoka hapa, likasafiri, na ungeweza kumwona mtu wa upande wa pili akikaa kimya kabla halijamfikia. Kisha Teodosio akavua kofia, akaigeuza, na mbele ya mke wa tajiri wake akatoa ulimi, yeye mwanamume mzima mwenye ndevu. Wanawake walicheka mpaka wakashikana.

“Ni yeye,” alisema Mama Fausta. “Na amekonda.”

Nilidhani tumemaliza. Nikapendekeza mtu akate shungi la kwanza kwa niaba ya Teodosio, yeye akitazama. Teodosio alikubali, wanawake wakakubali. Mama Fausta alisema kutazama si kukata. Kama kutazama kungetosha, basi hata yeye amekwisha kata nywele za soko zima. Alitaka mkono wa Teodosio, na mashine yangu ilileta uso na sauti, mkono haikuleta. Nilimwambia ana kichwa kigumu. Akaniambia hata Elmer alikuwa nacho, na alikitoa kwake. Wakaondoka, Yonel nyuma yao, na siku ile niliipiga rula ukutani bila mtu kugonga kibodi.

Kilichotuokoa ni ugonjwa wa mashine. Siku chache baadaye kompyuta ya dirishani iliingiwa na virusi, nikampigia fundi wangu wa Huancayo. Yeye hakusafiri kwa ajili ya mambo madogo. Alikuwa na njia yake: alituma ombi, kidirisha kikatokea kwenye skrini yangu kikiuliza kama ninamruhusu, nikabofya Kubali, na kuanzia hapo aliiendesha mashine yangu akiwa kwake, mimi nimekunja mikono. Mama Fausta alikuwa amepita kuniletea jibini, nadhani kwa sababu ya kile kichwa kigumu nilichomtajia. Akasimama mlangoni. Mshale ulikuwa ukitembea kwenye skrini, unafungua hiki, unafunga kile, na kipanya kimelala mezani hakiguswi.

“Nani anausogeza?” aliuliza taratibu.

Nikamwambia ni fundi. Akatazama chini ya meza. Nikamweleza kwamba fundi yuko Huancayo, kwamba anasukuma kipanya chake kule na mshale unatembea huku, na kwamba hawezi kufanya lolote kabla ya kuomba ruhusa nami kubofya Kubali. Jambo la kuomba ruhusa lilimpendeza sana. Alisema mashine ina adabu kuliko watu wengi anaowauzia jibini. Kisha akavuta kiti, akakaa, akautazama mshale ule mpaka fundi alipomaliza kazi.

“Mwalimu,” alisema, “mkono wa huyo mtu uko hapa ndani.”

Nikamkubalia, kwa sababu ulikuwamo.

Mpango aliutunga yeye, mimi niliongeza vipande vya ufundi tu. Tungemweka Yonel mbele ya kamera yetu, picha yake ionekane kwenye skrini yetu wenyewe, mashungi yamefungwa tepe. Teodosio angeomba ruhusa, apewe mshale, aupeleke mwenyewe mpaka kwenye shungi atakalo. Akibofya, orodha ndogo ya amri ingefunguka chini ya mshale, na hiyo ndiyo ingekuwa ishara. Mkasi ungekuwa mkononi mwa Mama Fausta, lakini usingefunga kabla ya Teodosio kubofya. Nilimuuliza kama kweli hiyo kwake ni sawa na kukata. Alijibu kwamba padri hunyunyiza maji akiwa mbali na yanafika.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Niliwafukuza vijana wa michezo ya kompyuta ili laini yote iwe yetu. Walitoka wakinung'unika, kisha wakajazana mlangoni kutazama. Sufuria za nyama na viazi zilipangwa juu ya vijumba vyangu vya mbao, chicha, pombe yetu ya mahindi, ikamwagika karibu na waya za umeme, na kwa mara ya kwanza maishani sikusema kitu. Wanawake walikuwa wamekesha wakizifunga nywele za Yonel kwa tepe za kila rangi. Alikaa kwenye kigoda ubavu ukiielekea kamera, kitambaa cheupe mabegani, amekunja uso. Alikuwa ameniuliza asubuhi ile kama kesho yake kofia itakuwa bado inamkaa au itakuwa kubwa. Nikamwambia kofia ndogo zinauzwa.

Teodosio alitokea amenyoa ndevu. Alisema kesho yake alfajiri anarudi milimani na kondoo, hatashuka mpaka majira yageuke. Sauti yake ilikuwa ikija vipande vipande. Ombi la ruhusa likaingia, na Mama Fausta akanisukuma kando. Hakuwa amewahi kukigusa kipanya. Alikishika kwa mikono miwili, akausogeza mshale ukaenda pembeni, ukarudi, ukapita, ukarudi tena, mpaka ukakaa juu ya neno Kubali, akabofya kwa kidole cha kati, kwa nguvu, mdomo umekunjwa. Watu wakapiga makofi.

Kisha mshale ukaanza kutembea wenyewe. Ulikwenda kwa kurukaruka kwa sababu ya laini, ukapita juu ya uso wa Yonel, ukapanda utosini, ukasita. Ukashuka polepole nyuma ya sikio la kushoto, kwenye shungi dogo lenye utepe wa bluu, ukatulia. Mama Fausta alilishika shungi lile, akafungua mkasi, akauweka tayari. Mvua ya mawe ilianza kupiga mabati. Machi ndivyo ilivyo kwetu.

Tukasubiri. Sote tulikuwa tumezoea kusubiri, kwa hiyo hatukushtuka. Teodosio alikuwa ameinamisha macho, mdomo wazi kidogo. Mshale haukutikisika. Mabati yalipiga kelele mpaka hatusikiani, na bado Teodosio alikuwa ameinamisha macho, mdomo wazi kidogo. Mimi ndiye niliyejua kwanza.

Mwenye bucha alisema kwa sauti kwamba mtu ameshachagua, basi shungi likatwe. Wanawake nao wakasema kata, Mama Fausta, mshale si uko pale pale. Mama Fausta hakuufunga mkasi wala hakukata. Alinitazama mimi.

“Mwalimu. Huyu ni yeye, au ni wa kwenye fremu?”

Chumba kizima kilinitazama, na najua walichotaka niseme. Hata mimi nilikitaka. Ningesema ni yeye, nyama ingeliwa ya moto, na mtoto angekwenda shule. Lakini maneno yale nilimfundisha mimi, na hakuwa na mwingine wa kumuuliza.

“Ni picha, mama,” nilisema. “Imekwama. Yeye hayupo.”

Alifunga mkasi bila kukata, akauweka juu ya kitambaa. Nilijaribu kurudisha laini, nikazima kisanduku cha laini, nikakiwasha, nikatukana waya. Hakuna kitu. Mvua ya mawe ilikuwa imeangusha laini ya mtaa mzima, na niliamini Teodosio atakuwa milimani kabla haijarudi. Mama Fausta alimpapasa Yonel kichwani, akamwambia mwakani Mungu akipenda, akaanza kuufungua utepe wa kwanza, wa kijani, uliokuwa juu ya paji. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu, na hakukuwa na wa kumpiga.

Yonel alikuwa bado amekaa kwenye kigoda. Alinyoosha mkono kutoka chini ya kitambaa, akaufikisha kwenye kipanya kilichokuwa karibu na kiwiko chake, akabofya. Kile kimlio kidogo kilisikika hata chini ya mvua. Orodha ikafunguka chini ya mshale, pale pale kwenye utepe wa bluu.

“Bibi,” alisema. “Imefunguka.”

Mkono wake ulikuwa bado juu ya kipanya. Aliuona bibi yake, na tuliuona sote. Alikuwa akimtazama bibi yake bila kupepesa, mtoto yule, na machozi yamemjaa. Mama Fausta aliutazama mkono ule kwa muda mrefu, akatazama skrini, akautazama tena mkono. Kisha akachukua mkasi na kulikata shungi la utepe wa bluu.

Hakuna aliyepiga makofi. Mvua ilikuwa ikipungua, na tulikuwa bado tumesimama vile vile, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kusogea, laini iliporudi. Mashine ilikohoa, dirisha la mazungumzo likafumba na kufumbua, na Teodosio akawa hai tena. Kofia yake alikuwa ameishika mkononi. Uso ulikuwa umelowa.

Alisema ilikatika. Alisema amejaribu na kujaribu, mke wa tajiri naye amejaribu. Kisha akasema kilichokuwa kinamuuma, na hakukisema vizuri, alikisema kwa kukwama kama laini yenyewe.

“Sikuwahi kubofya, mama. Niliposhika kile kitu mkono ulinigoma. Nilikuwa namwona Elmer. Halafu ikakatika. Labda hataki. Sikuja hata kumzika. Mpe mtu mwingine mtoto, mimi nimeshindwa.”

Mama Fausta, aliyenitesa mwezi mzima akitaka kujua kipi ni kweli na kipi ni picha, alilinyanyua shungi la Yonel mpaka mbele ya kamera, utepe wa bluu ukining'inia.

“Ulibofya, Teodosio,” alisema. “Huku kwetu imefika.”

Tuliona maneno yakiondoka na tukaona yakimfikia. Alilitazama shungi. Akamtazama Yonel, aliyekuwa ameurudisha mkono wake haraka chini ya kitambaa. Nadhani alielewa. Alikuwa mchungaji, si mjinga.

“Imefika lini?” aliuliza.

“Sasa hivi. Ilichelewa njiani tu. Na wewe umechelewa. Lakini umefika.”

Alijifuta uso kwa kofia yake. Nyuma yake mke wa tajiri, ambaye hakuelewa neno hata moja, alikuwa akilia naye. Mwenye bucha akasogea na mkasi wake mwenyewe achukue shungi la pili, Mama Fausta akamrudisha kwa kiwiko, kwa sababu baba wa nywele alikuwa bado hajamsalimu mtoto.

“Yonel,” alisema Teodosio. “Mwanangu. Geuka nikuone.”

Yonel akageuka kwenye kigoda, kichwa bado kimejaa tepe, nyuma ya sikio la kushoto pana pengo dogo jeupe. Aliisogelea kamera mpaka pua ikaigusa.

“Ndiyo, baba,” alisema.

Siku hizi simu hazichelewi. Unasema na unajibiwa hapo hapo, na nafikiri kuna kitu tumepoteza, hata kama wajukuu wangu wananicheka. Siku ile neno la Yonel, baba, lilichukua muda wake. Sote tulisimama, mikasi mkononi, tukiutazama uso wa Teodosio ulivyokuwa bado haujalisikia, mpaka likamfikia.